Nimelipa Kiingilio Nikafundishwe Kakao

Jamani, mimi ni Mnyakyusa wa Kyela. Naishi Moshi, natengeneza pikipiki karibu na soko la Mbuyuni, nimeoa Mchaga. Nayasema haya mapema ili mkifika mbele mjue kwa nini nilikuwa nasaga meno.

Jumamosi mama watoto kaja na habari: kuna tamasha la chokoleti, utamaduni na muziki. Mkubwa elfu kumi, mtoto elfu tano. Tuna watoto watatu. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nikiipiga tena presha inapanda. Nikamwambia, chokoleti si ipo dukani hapo, na muziki jirani anatufungulia bure mpaka saa saba usiku? Akanitupia lile jicho. Tukaenda.

Getini ulipe kwa simu, na mtandao hakuna. Tumesimama na lile jua la Februari, mlima wenyewe umejifunika mawingu, hautaki ushahidi. Kuingia ndani, meza ya kwanza kuna kijana kavaa aproni, ananinyooshea kipande cha chokoleti kwenye kijiti cha meno. Kipande chenyewe ukipiga chafya umekipoteza.

"Mzee, usitafune. Kiache kiyeyuke, halafu sikilizia. Unapata ndizi? Unapata tumbaku kwa mbali?"

Nikasikilizia. Nilichopata ni njaa. Nikaomba kingine nihakikishe, akasema kionjo ni kimoja kwa mtu, paketi nzima elfu kumi na tano. Halafu, bila kuulizwa, akaanza: "Unajua mzee, kakao ni tunda..."

Mimi! Nimekula kakao kabla sijajua kusoma. Unapasua tunda, unamumunya ule utando mweupe mtamu, mbegu unaitema kwenye ndoo, na ole wako uiteme porini, maana mbegu ndiyo ada ya shule. Nimevundika kakao kwenye majani ya mgomba siku sita. Ukifunua, harufu yake ni kama pombe imegombana na siki. Nimeanika, nimefukuza kuku. Na mvua ya Kyela haibishi hodi, tumetoka usiku na kaptula tu kukusanya kakao kwenye mikeka. Chokoleti sasa, nimeionja mara ya kwanza nina miaka ishirini na miwili, hapa hapa Moshi, kwenye harusi. Nilidhani ni sabuni ya hoteli.

Kijana akamaliza darasa lake kwa kuniambia kwamba zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana, na kwamba wenzetu wa Perugia, Italia, wana tamasha la chokoleti kila mwaka. Perugia! Mti wa kakao huko wauone wapi, na baridi ile? Nikanyamaza. Kidonda changu kiko kwingine. Nimeikimbia kakao, nimepanda basi kilomita zaidi ya 1,000 nije kutafuta maisha. 2024 bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani. Mzee wangu, mtu wa kubipu tangu simu ziingie nchini, akanipigia yeye mwenyewe, akacheka mpaka salio likaisha. Mdogo wangu aliyebaki shambani kanunua pikipiki mpya. Mimi fundi pikipiki sina pikipiki. Na ikimsumbua ananipigia nimwelekeze, bure, kwa sababu ni ndugu.

Tuendelee. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye joto kama la mwili wa binadamu, ndiyo maana chokoleti inayeyuka mdomoni. Sasa ipange mezani Moshi, saa nane mchana. Wa mwisho wangu kufungua paketi, ndani ni mchuzi. Akanywa alichoweza, kilichobaki akakifutia kwenye shati langu jeupe, la kanisani.

Kona ya utamaduni walikuwa na mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, kata moja elfu tano, ukipiga nayo picha unaongeza elfu. Kuna na kahawa, ambayo mke wangu aliisifia mno. Kwao wana kihamba, shamba la ukoo, chenye kahawa tangu babu yake, na tangu nimeanza kwenda ukweni sijawahi kupewa kitu zaidi ya chai ya maziwa. Ngoma za asili zilichezwa dakika tano, zikafuata spika kwa saa mbili.

Ndipo mshereheshaji akatangaza swali la zawadi: tunda la kakao linaota sehemu gani ya mti? Mama mmoja akajibu, "Chini ya ardhi, kama karanga." Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono: "Kwenye shina. Linang'ang'ania shina lenyewe, na matawi manene." Uwanja mzima ukanicheka, mke wangu akasogea pembeni kama hatujuani. Mshereheshaji akatazama karatasi. "Mzee kapata!"

Zawadi: mche wa kakao, kwenye kiroba cheusi.

Konda akanidai nauli ya mche, eti umekaa kiti. Nyumbani mama mwenye nyumba yuko barazani. Mkataba wangu wa pango ni miezi sita.

"Baba, mti gani huo?"

"Kakao, mama."

"Inazaa baada ya muda gani?"

"Miaka mitatu, minne. Mingine mitano."

Akaufikiria kidogo. Akanyoosha kidole kwenye dirisha lake. "Panda hapo. Na uwe unaumwagilia, usinifie."