Ernst hakugawa Sachsen-Gotha, waliogawa ni wanawe

Makala moja inadai kuwa Duki (mtawala) Ernst I wa Sachsen-Gotha, nchi ndogo katika Ujerumani ya leo, aliyefariki 1675, ndiye aliyewagawia wanawe saba nchi yake. Sivyo. Wosia wake ulitaka watawale kwa pamoja, kaka mkubwa Friedrich akiwaongoza, na kwa muda walikaa wote kwenye kasri la Friedenstein mjini Gotha hadi wakashindwana. Mgawanyo ulikuja kwa mkataba wa 1680, kila ndugu akapata sehemu yake na Friedrich akabaki na Gotha, tena haukuwa wa haki: Coburg na Meiningen zilijitegemea kikamilifu, lakini Römhild, Eisenberg, Hildburghausen na Saalfeld zilinyimwa baadhi ya mamlaka ya juu, yakabaki Gotha. Hapo ndipo palipoharibika. Mtu anapewa mji mmoja na vijiji vyake, kisha anataka kasri lake, kanisa lake, makarani na walinzi. Mapato ya mashamba hayatoshi hata kidogo. Christian wa Eisenberg alijenga kasri, akazamisha fedha kwenye alkemia, yaani majaribio ya kugeuza madini kuwa dhahabu, akafa 1707 akiwa na madeni na bila mtoto wa kiume. Albrecht wa Coburg alikuwa ameshafariki 1699 bila mrithi, na ugomvi wa urithi wake ukaburuzwa hadi 1735! Friedrich aliuona mapema mtego huu wa kugawana nchi: 1685 aliamua kwamba Gotha itarithiwa na mwana wa kwanza peke yake. Meiningen ilingoja zaidi ya miaka mia ndipo ikafanya hivyo. Wenzangu, mnadhani ni nini kiliwachelewesha?