Wapiga kura wa mrengo wa kushoto wa Marekani na namna ya kukibana chama cha Democratic

Novemba 2024, mji wa Dearborn katika jimbo la Michigan, wenye wakazi wengi wa asili ya Kiarabu, ulipiga kura kwa namna ambayo miaka minne kabla yake isingefikirika. Mwaka 2020 Joe Biden alipata pale zaidi ya theluthi mbili ya kura. Safari hii Donald Trump aliongoza kwa takriban asilimia 42, Kamala Harris wa Democratic akaambulia 36, na Jill Stein wa chama cha Green akapata 18. Wengi wa waliokihama chama walitaja sababu moja, nayo ni silaha ambazo serikali ya Democratic iliendelea kuipelekea Israel wakati Gaza ikiteketea. Trump alilichukua jimbo zima kwa tofauti ya takriban kura 80,000, na tangu hapo watu wa mrengo wa kushoto wa nchi hiyo wamegawanyika juu ya swali ambalo wamelibeba kwa miongo kadhaa: je, kukinyima chama kura ndiyo njia ya kukilazimisha kisikilize, au ni kumkabidhi ushindi adui wa wote wawili?

Ugumu unaanzia kwenye hesabu yenyewe. Pale ambapo anayeongoza kwa kura, hata kwa tofauti ndogo, huchukua kiti chote, siasa huelekea kubaki na vyama viwili vikubwa. Msomi wa Kifaransa Maurice Duverger alilieleza jambo hili tangu katikati ya karne iliyopita, na Marekani imebaki kuwa ushahidi wake ulio wazi. Katika mazingira hayo, mpiga kura wa katikati anayeweza kuhama kutoka Democratic kwenda Republican ana uzito mara mbili, kwa kuwa akihama anapunguza kura upande mmoja na kuiongeza upande wa pili, ilhali anayebaki nyumbani kwa hasira, au anayempa Stein, anapunguza moja tu. Mshauri wa kampeni hahitaji kuuchukia ujamaa ili aamue fedha za matangazo ziende kumbembeleza nani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na chama kilichohakikishiwa kura tangu mwanzo hufanya vivyo hivyo.

Jiografia inaongeza ugumu huo. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima bali kwa kura za wajumbe wa kila jimbo, na wapiga kura wa kushoto wamejazana California, New York na majimbo mengine ambayo Democratic hushinda bila jasho. Hasira ya mamia ya maelfu ya watu wa Brooklyn, jijini New York, haimnyimi usingizi mgombea urais, lakini hasira ya makumi ya maelfu ya watu wa Michigan au Wisconsin yaweza kumnyima Ikulu. Kwa hiyo tunapozungumzia nguvu ya kunyima kura katika uchaguzi wa rais, tunazungumzia sehemu ndogo sana ya mrengo wenyewe.

Wanaotetea kunyima kura wana hoja nzito, na si haki kuwafanya watu wa jazba tu. Wanasema kwamba asiye na mstari ambao hatakubali uvukwe hana cha kupatania. Kama kila baada ya miaka minne utaambiwa kuwa mpinzani ni hatari mno kiasi kwamba madai yako yasubiri, basi yatasubiri milele, maana hakuna uchaguzi ambao mpinzani hatakuwa hatari. Mfano wenye nguvu kuliko yote wanaoweza kuutaja unatoka Uingereza, tena upande wa kulia. Januari 2013 Waziri Mkuu David Cameron wa chama cha Conservative aliahidi kura ya maoni kuhusu uanachama wa nchi yake katika Umoja wa Ulaya, wakati ambapo chama cha UKIP, kilichotaka nchi ijitoe na kilichokuwa kikiwachukua wapiga kura wa Conservative, hakikuwa kimeshinda kiti hata kimoja cha ubunge katika uchaguzi mkuu. Mwaka 2015 UKIP ilipata asilimia 12.6 ya kura na kiti kimoja tu, lakini mwaka uliofuata Waingereza walipiga kura kujitoa. Chama kilichokuwa karibu hakina wabunge kilibadilisha mwelekeo wa taifa kwa sababu chama kikubwa kiliogopa kupoteza watu wake. Tusisahau, hata hivyo, kwamba tishio hilo la nje lilikutana na kundi kubwa la wabunge wa Conservative waliokuwa wakidai jambo lile lile kutoka ndani. Wanaoutumia mfano huu kama hoja ya kuondoka tu huiacha nusu hiyo.

Upande wa pili nao una historia yake. Mwaka 2000 Ralph Nader, mgombea wa chama cha Green, alipata zaidi ya kura 97,000 Florida, jimbo ambalo George W. Bush wa Republican alitangazwa mshindi kwa kura 537. Kama kushindwa kunafundisha, hapo ndipo Democratic ilipaswa kujifunza. Kilichofuata ni kwamba mwaka 2004 chama kilimsimamisha John Kerry, seneta aliyekuwa ameunga mkono azimio la kuruhusu vita vya Iraq, na jina la Nader likageuka onyo ambalo viongozi wa chama wamelitumia tangu hapo kuwanyamazisha wakosoaji wao. Kura iliyonyimwa haiandikwi sababu. Baada ya kushindwa kwa Harris, wapo waliosema tatizo ni Gaza, wengine bei za vyakula, wengine uhamiaji, wengine kwamba chama kimekwenda kushoto mno, na kila mmoja alisoma katika matokeo yale yale kile alichokiamini kabla ya uchaguzi.

Kisha kuna gharama, na gharama hiyo mara nyingi hailipwi na yule aliyefanya uamuzi. Februari 2025 Trump alisema Marekani ingeichukua Gaza na wakazi wake wahamishiwe kwingine. Wanaotetea uamuzi wa Dearborn hujibu kwamba usitishaji wa mapigano wa Januari mwaka huo ulipatikana siku chache kabla ya Trump kuapishwa, baada ya miezi mingi ambayo Biden hakuwa tayari kutumia nguvu aliyokuwa nayo. Majibu hayo mawili hayafutani. Mtu aliyezika ndugu zake halazimiki kumpigia kura aliyetoa bomu, na sitamhukumu. Ninachokikataa ni kuuita uamuzi huo wa dhamiri mkakati wa mapatano. Ni adhabu, na adhabu hutolewa baada ya mazungumzo kwisha.

Mapatano yenyewe hufanyika mapema zaidi, na Michigan hiyo hiyo inao mfano. Mwaka 2023 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, chini ya rais wake Shawn Fain, kilikataa kumuidhinisha Biden kikitaka kwanza kuona wafanyakazi wanalindwa vipi katika mageuzi ya kuelekea magari ya umeme. Mgomo dhidi ya kampuni kubwa tatu ulipoanza Septemba, Biden alikwenda Michigan na kusimama na wagomaji, jambo ambalo hakuna rais aliye madarakani aliyewahi kulifanya. Uidhinishaji ulitolewa Januari 2024, baada ya wafanyakazi kupata mikataba mizuri kuliko waliyokuwa wameizoea kwa miaka mingi. Hapa palikuwa na mtu wa kuzungumza naye, dai linaloweza kutimizwa, na muda wa kutosha wa kulitimiza. La muhimu zaidi, UAW ilikuwa na uwezo wa kuleta kura na wa kuzizuia. Watu wa kushoto hupenda kuzungumzia uwezo wa kuzuia na kuusahau ule wa kuleta, ingawa ndio unaompa mgombea sababu ya kukaa mezani. Anayejulikana kuwa hatatoa kura kwa hali yoyote hupuuzwa sawasawa na yule anayejulikana kuwa atazitoa kwa hali yoyote.

Vuguvugu la Michigan lililowataka watu wapinge sera ya Biden kuhusu Gaza kwa kutofungamana na mgombea yeyote katika uchaguzi wa mchujo wa Februari 2024, yaani ule wa ndani ya chama wa kumpata mgombea, lilielewa jambo hilo vizuri kuliko linavyosifiwa. Halikusubiri Novemba. Waandaaji walitaja lengo la kura 10,000, karibu na tofauti ambayo Trump alishinda nayo jimbo hilo mwaka 2016, nao wakapata zaidi ya 100,000. Muda mfupi baadaye Harris, aliyekuwa makamu wa rais, alizungumza kwa ukali zaidi kuhusu kusitisha mapigano, na Mei Biden akazuia shehena ya mabomu mazito, ingawa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hayo yalitokana na kura hizo pekee. Lakini Biden alipojitoa Julai na Harris akateuliwa bila mchujo mwingine, vuguvugu lilipoteza uwanja wake. Katika mkutano mkuu wa chama mjini Chicago wajumbe wake waliomba Mmarekani mmoja tu mwenye asili ya Kipalestina apewe nafasi ya kuhutubia, wakanyimwa. Ombi hilo halikuwa na gharama kubwa kwa chama, na kulikataa kulikuwa kosa la kisiasa na la kiutu. Kisa hiki pia kinaonyesha mipaka ya hoja yangu mwenyewe, maana mbinu sahihi haitoshi panapokuwa na upande wa pili wenye fedha, wapiga kura na marafiki wa muda mrefu ndani ya chama. UAW haikukutana na upinzani wa aina hiyo ndani ya Democratic.

Hata hivyo, kushindwa mkutanoni si mwisho wa habari. Mwaka 1964 ujumbe wa Mississippi Freedom Democratic Party, kundi lililoongozwa na watu weusi, ambao Fannie Lou Hamer alikuwa mmoja wa viongozi wake, ulikwenda kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini Atlantic City kudai viti vya ujumbe wa wazungu watupu wa jimbo lao. Waliahidiwa viti viwili, wakavikataa. Hawakukihama chama, na hawakunyamaza. Mwaka 1968, huko Chicago, ujumbe rasmi wa Mississippi uliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ujumbe uliochanganya weusi na weupe, Hamer akiwemo.

Uchaguzi wa mchujo ndio mlango ambao mfumo wa Marekani umeuacha wazi kuliko mifumo mingi, kwa kuwa wagombea huamuliwa na wapiga kura wa kawaida, tena wachache. Juni 2018 Alexandria Ocasio-Cortez, mgombea mpya wa mrengo wa kushoto, alimwangusha Joe Crowley, mmoja wa viongozi wakubwa wa Democratic katika Baraza la Wawakilishi, katika mchujo ambao kura zote hazikufika 30,000. Hakuna mahali pengine ambapo kura ya kushoto ina uzito kama huo. Wapinzani wake nao wamelitambua hilo. Mwaka 2024 kamati ya kisiasa inayofungamana na AIPAC, kundi la ushawishi linaloiunga mkono Israel, ilimwaga zaidi ya dola milioni 14 kumwondoa mbunge wa kushoto Jamaal Bowman huko New York, na mamilioni mengine kumwondoa mwenzake Cori Bush huko Missouri, na wote wawili walishindwa.

Wote wawili walishambuliwa pia kwa kura waliyoipiga Novemba 2021, na kisa hicho kina somo chungu. Wabunge wa kushoto walikuwa wameushikilia muswada wa miundombinu ili upitishwe pamoja na mpango mkubwa wa huduma za jamii. Mwishowe wengi wao waliuachia kwa ahadi, ni sita tu waliopiga kura ya hapana, Bowman na Bush wakiwemo, na mwezi uliofuata Seneta Joe Manchin wa Democratic akaukataa mpango wa pili. Manchin alikuwa na nguvu kwa sababu angeweza kurudi West Virginia mikono mitupu bila kuumia. Wabunge wa kushoto wanawakilisha watu wanaohitaji malezi ya watoto na dawa za bei nafuu, na anayehitaji zaidi hubanwa kirahisi zaidi. Sioni mbinu inayoufuta udhaifu huu kabisa, na si aibu kuwa nao.

Kinachoweza kubadilishwa ni kanuni za mchezo. New York inaruhusu mgombea mmoja kusimamishwa na vyama zaidi ya kimoja, hivyo mtu anaweza kumpigia mgombea wa Democratic kupitia mstari wa Working Families Party, chama kidogo cha kushoto, kwenye karatasi ya kura. Kura haipotei, na ilikotoka inaonekana. Majimbo mengi yamepiga marufuku utaratibu huo, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaruhusu kufanya hivyo mwaka 1997. Jiji la New York pia hutumia upigaji kura wa kupanga wagombea kwa mapendeleo katika mchujo wake, na hiyo ndiyo iliyowawezesha wagombea umeya Zohran Mamdani na Brad Lander kuidhinishana Juni 2025 badala ya kugawana kura dhidi ya Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Mamdani alizaliwa Kampala, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani ambaye wasomi wa Dar es Salaam na Makerere wanamfahamu vyema, na ni mwanachama wa jumuiya ya wanasoshalisti ambayo imekuwa ikijenga matawi na wafanyakazi wa kujitolea jijini humo kwa miaka. Aliposhinda mchujo, viongozi wa chama ndio walioanza kumfuata, Gavana Kathy Hochul mnamo Septemba, na Hakeem Jeffries, kiongozi wa Democratic katika Baraza la Wawakilishi, siku moja tu kabla ya kura za mapema kuanza. Novemba alishinda umeya kwa kura zaidi ya milioni moja.

Lakini kodi anayoitaka kwa wenye kipato cha zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka haiwezi kupitishwa na meya. Inahitaji bunge la jimbo huko Albany na saini ya Hochul, ambaye amekuwa akisema hataki kupandisha kodi ya mapato, na ambaye anazihitaji kura za jiji hilo hilo ili achaguliwe tena mwaka 2026.