Ushindi 409 na simu ambayo Joe Paterno hakuipiga

Oktoba 29, 2011, timu ya Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, iliifunga Illinois 10-7 na kocha Joe Paterno, akiwa na miaka 84, akafikisha ushindi wa 409. Hakuna kocha mwingine wa daraja la kwanza katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo aliyewahi kufika hapo. Wiki moja baadaye, Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, alifunguliwa mashtaka ya kuwanyanyasa kingono watoto wa kiume. Novemba 9 bodi ya wadhamini ikamfuta kazi Paterno kwa simu, na wanafunzi wakamiminika barabarani wakapindua gari la waandishi wa habari. Januari 22, 2012, saratani ya mapafu ikamuua. Hadi leo watu wa Pennsylvania hawajakubaliana wamkumbuke vipi.

Wanaomtetea wana mengi ya kushika, na ni dhuluma kuyapuuza. Alifika Penn State 1950 kama kocha msaidizi, akawa kocha mkuu kuanzia 1966, akatwaa ubingwa wa taifa 1982 na 1986. Kijana huyo wa Brooklyn aliyesomea fasihi ya Kiingereza alishikilia kwamba mchezaji lazima asome na ahitimu, wakati vyuo vingi vilijali matokeo ya mechi za Jumamosi tu. Jezi za timu yake hazikuwa na majina mgongoni, maana timu ilikuwa mbele ya mtu mmoja. Mwaka 1973 alikataa fedha nyingi za New England Patriots, timu ya kulipwa, akabaki chuoni. Yeye na mkewe Sue walichangia mamilioni ya dola, na jina lao liko kwenye maktaba, si kwenye uwanja. Maelfu ya watu walisoma vizuri zaidi kwa sababu yake.

Sasa tuje Februari 2001. Jumamosi moja asubuhi, msaidizi kijana, Mike McQueary, alikwenda nyumbani kwa Paterno kumweleza alichokiona usiku uliotangulia: Sandusky akiwa na mtoto kwenye bafu la jengo la timu. Paterno alimfikishia habari mkurugenzi wa michezo, Tim Curley, na ikamfikia pia Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo aliyekuwa akisimamia polisi wa chuo. Hoja ya watetezi inaanzia hapo. Alipeleka taarifa kwa wakubwa wake kama sheria ilivyotaka, na waendesha mashtaka hawakumshtaki. Tena mwaka 1998 polisi wenyewe walimchunguza Sandusky kwa tukio jingine la bafuni, na hakushtakiwa. Kama polisi walishindwa, kocha angejuaje?

Hoja hiyo ina uzito, lakini inategemea neno moja: wakubwa. Pale State College, mji wa chuo hicho, Paterno alikuwa na mkubwa gani? Mwaka 2004, timu ilipokuwa inafungwa ovyo, rais wa chuo na Curley walimfuata nyumbani kwake kumwomba astaafu. Alikataa, wakaondoka, akaendelea kufundisha miaka saba zaidi. Mtu anayeweza kumkatalia rais wa chuo sebuleni kwake hawezi kugeuka mfanyakazi wa kawaida siku anapoambiwa kuhusu mtoto aliyeumizwa. Cheo ni dhamana, na dhamana ya Paterno ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote pale.

Kuna pia barua pepe ya Curley ya Februari 27, 2001. Mpango wa awali ulikuwa kuitaarifu idara ya serikali inayoshughulikia ustawi wa watoto. Curley aliandika kwamba baada ya kufikiri tena na kuzungumza na Joe, hakuona vyema kuendelea na mpango huo. Alipendelea kwanza waongee na Sandusky mwenyewe. Familia ya Paterno inasema barua hiyo haituambii Joe alisema nini, na nakubali. Kuna madai pia, yaliyojitokeza mahakamani 2016, kwamba aliambiwa habari za Sandusky tangu 1976. Hayajathibitishwa, na siyategemei. Ninachotegemea hakibishaniwi: alijua jambo baya limesemwa, na kwa miaka kumi hakupiga simu polisi. Baadhi ya watoto waliotajwa katika mashtaka 45 yaliyomtia Sandusky hatiani waliumizwa baada ya siku ile. Paterno mwenyewe, kabla ya kufukuzwa, alisema anatamani angefanya zaidi.

Adhabu ya chama cha michezo cha vyuo, NCAA, Julai 2012 ilikosea shabaha. Mbali na faini ya dola milioni 60, kilifuta ushindi wote tangu 1998, Paterno akashuka hadi 298. Vijana waliocheza mechi zile walikosa nini? Ushindi uliporudishwa Januari 2015, haki ilitendeka kwao. Kibaya ni kwamba wengi walishangilia kama vile kocha amesafishwa, na Septemba 2016 chuo kikamfanyia heshima uwanjani kuadhimisha miaka 50 tangu mechi yake ya kwanza.

Hapo ndipo naachana na watetezi. Sandusky aliwapata watoto kupitia shirika lake la hisani, The Second Mile, lililohudumia watoto wa familia zenye shida. Aliwavuta kwa zawadi na kwa kuwapeleka kwenye mechi. Utukufu wa timu ndio uliokuwa chambo chake. Rekodi ibaki, maktaba ibaki na jina lake. Sanamu ya shaba iliyong'olewa Julai 2012, ambayo bado wapo wanaodai irudishwe, isirudi. Ilizinduliwa Novemba 2001, miezi tisa tu baada ya McQueary kubisha hodi, na waathirika wanastahili kwenda uwanjani bila kupita chini yake.