Tunaogopa Kibango, Hatuogopi Saini

"Mali ikishauzwa hairudishwi." "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yako." Maneno haya yamebandikwa karibu kila penye kaunta, na wengi wetu tukiyaona tunanywea. Mzigo ukipotea, mwenye mzigo anaoneshwa kidole ukutani, anaguna, anaondoka. Mtu huyohuyo mpe kurasa sita za maandishi madogo, atauliza jambo moja tu: "Nisaini wapi?" Kwa maoni yangu, hofu yetu imekaa upande usio wake.

Kesi nitakazozitaja ni za Uingereza. Sizitukuzi, ni kwamba nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilipokea kanuni zao za mikataba kwa njia hiyo.

Mwaka 1949 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Bi. Olley, mgeni wa hoteli moja ya London. Alitoka, akaacha ufunguo mapokezi. Mtu asiyejulikana akauchukua, akaingia chumbani na kuiba vitu, likiwemo koti lake la manyoya. Hoteli ikajitetea kwa tangazo lililokuwa chumbani: wenye hoteli hawatawajibika kwa vitu visivyokabidhiwa kwao vitunzwe. Bi. Olley akashinda. Mkataba wake na hoteli ulifungwa pale mapokezi, alipokubaliwa kuwa mgeni, na wakati huo tangazo la chumbani hakuwa ameliona. Sharti lililoletwa baada ya makubaliano limekuta gari limeshaondoka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo zima. Mkataba huzaliwa mmoja anapotoa ahadi kwa masharti fulani na mwenzake akaikubali. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuongeza neno peke yake, hata kwa wino mwekundu, hata nyuma ya risiti unayopewa ukiwa umeshalipa.

Msianze kubandua vibango vya watu, lakini. Kibango kikubwa kilichowekwa mlangoni, ambacho mtu wa kawaida angekiona kabla ya kukubaliana, kinaweza kukubana hata kama hukukisoma. Mteja wa siku nyingi naye anaweza kuambiwa kwamba masharti ya pale anayajua. Ila sharti likiwa kali sana, linatakiwa kuoneshwa waziwazi zaidi. Jaji Denning alisema mwaka 1956 kwamba vipengele vingine ni vikali kiasi kwamba vingehitaji kuchapwa kwa wino mwekundu na kuwekewa mkono mwekundu unaovielekezea. Kisha Uingereza ikatunga sheria mwaka 1977 inayosema kwamba mfanyabiashara aliyesababisha kifo au majeraha kwa uzembe hawezi kujificha nyuma ya tangazo lolote.

Sasa saini. Bi. L'Estrange alikuwa na mkahawa huko Wales. Akanunua mashine ya kuuzia sigara, akasaini fomu ya oda bila kuisoma. Mashine ikagoma baada ya siku chache tu. Ndani ya ile fomu, kwa maandishi madogo sana, mlikuwa na kipengele kilichofuta dhamana zote ambazo sheria ingempa mnunuzi. Mahakama ya chini ilimpa haki. Ya juu, mwaka 1934, ikamnyang'anya. Kama hukudanganywa, ukisaini umefungwa, uwe umesoma au hukusoma. Binafsi naona uamuzi ule ulikuwa mkali mno, na sheria za kumlinda mlaji zimeulegeza sehemu nyingi. Mzizi wake haujang'oka. Kubonyeza "nakubali" kwenye simu nako kwa kawaida huhesabiwa vilevile.

Nimesema kama hukudanganywa, na hapa pana mlango ambao watu hawautumii. Mwaka 1951 iliamuliwa kesi ya Bi. Curtis, aliyepeleka gauni la harusi kwa wasafishaji. Akapewa karatasi asaini. Yeye akauliza: ya nini? Mhudumu akamjibu kwamba hawatawajibika shanga na mapambo yanayometameta yakiharibika. Akasaini. Gauni likarudi na doa, na karatasi kumbe ilikuwa inawaondolea wajibu wa uharibifu wa kila aina. Mahakama ikawakataza wasiitumie, kwa sababu mhudumu wao mwenyewe alikuwa ameieleza visivyo.

Swali moja lilimwokoa. Kwa hiyo ukiwa huna muda wa kusoma kurasa zote, au hazisomeki, uliza: "Hiki kipengele kinasema nini? Nikiharibikiwa, hapa mnanilipa au hamnilipi?" Uliza mbele ya mtu mwingine. Afadhali zaidi, uliza kwa ujumbe wa simu ili jibu libaki. Anayekuharakisha usaini huku anakwambia "ni utaratibu tu" mimi humwogopa kuliko kibango chochote.

Kipengele usichokitaka kikatwe kwa kalamu, nyote wawili mtie saini pembeni yake, kwenye nakala zote. Nafasi zilizoachwa wazi zichorwe mstari. Na nakala yako ondoka nayo saa hiyohiyo. Wakikwambia uifuate wiki ijayo, wewe wiki hiyo ndiyo urudi kusaini.