Ruth Davidson na Chama Kilichoomba Nafasi ya Pili

Katika uchaguzi wa Bunge la Scotland wa Mei 2016, Chama cha Conservative kilipita kwa wananchi na ombi ambalo ni nadra kulisikia kwenye kampeni. Hakikuomba kupewa serikali. Kilimnadi kiongozi wake, Ruth Davidson, kama mtu wa kuongoza upinzani imara dhidi ya SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge na Uingereza. Kwa chama kingine chochote, kuomba nafasi ya pili kungekuwa kukiri kushindwa hata kabla ya masanduku ya kura kufunguliwa. Kwa Davidson ilikuwa hesabu, tena hesabu iliyotoka sawasawa: viti vya chama vilipanda kutoka 15 hadi 31 kati ya 129, chama cha Labour kikaangukia nafasi ya tatu kikiwa na 24, na yeye mwenyewe akanyakua jimbo la Edinburgh Central kwa tofauti ya kura 610 tu.

Ili kuona uzito wa matokeo hayo, ni lazima kukumbuka chama kilikuwa kimetumbukia shimo gani. Mwaka 1955 Conservative na washirika wao walipata zaidi kidogo ya nusu ya kura zote za Scotland. Mwaka 1997 hawakuambulia hata mbunge mmoja wa kuwakilisha Scotland huko Westminster, bunge la Uingereza nzima lililoko London. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative, viwanda vilivyofungwa, na ile kodi ya kichwa (Waafrika Mashariki tunalijua jina hilo kwa machungu yetu wenyewe) iliyoanza kutozwa Scotland mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya England. Kejeli ya historia ni kwamba chama hicho kilipinga kuanzishwa kwa Bunge la Scotland, kisha bunge hilohilo ndilo lililokiokoa kisife. Mwaka 1999 kilipata viti 18, vyote kutokana na orodha za uwiano wa kura, yaani viti vinavyogawiwa vyama kulingana na kura zao, na si hata kimoja cha jimbo. Na katika vile 31 vya mwaka 2016, vilivyoshangiliwa sana, 24 vilikuwa vya orodha.

Davidson hakufanana na picha ambayo Waskoti walikuwa nayo ya mhafidhina. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1978, akasoma shule ya serikali huko Fife, akawa mtangazaji wa BBC na askari wa akiba. Aliishi na mwenza wa kike bila kuficha. Alijiunga na chama mwaka 2009, akaingia bungeni Mei 2011, na kufikia Novemba mwaka huohuo alikuwa kiongozi wake. Mpinzani wake mkuu katika kinyang'anyiro hicho, Murdo Fraser, alikuwa amependekeza jambo zito: chama kivunjwe Scotland na kiundwe kingine kipya, chenye jina jipya na kisicho tawi la London. Davidson alikataa, na wanachama wakamuunga mkono.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo siri ya safari yake yote. Alilishinda wazo la Fraser kwa kura, halafu akalitekeleza kwa vitendo. Jina jipya la chama likawa lake yeye. Alipiga picha akiwa juu ya kifaru cha jeshi, akapanda mgongo wa nyati shambani huko Fife, akacheka na kutaniana na waandishi, na watu waliokuwa tayari kuapa kwamba hawatawapigia Conservative kura wakajikuta wanampigia Ruth.

Lakini haiba peke yake haikutosha; wakati nao ulimbeba. Kura ya maoni ya Septemba 2014 iliwagawa Waskoti mafungu mawili: asilimia 55 walitaka kubaki ndani ya Uingereza na asilimia 45 walitaka kutoka. Fungu la pili lilihamia SNP karibu lote, ambacho mwaka 2015 kilizoa viti 56 kati ya 59 vya Scotland katika Bunge la Makabwela (House of Commons) huko Westminster. Fungu la kwanza lilibaki bila mwenyewe. Labour, waliotaka kuwafurahisha wote, walikosa huku na huku. Davidson alisema jambo moja, na akalirudia mpaka likawachosha hata waliomwunga mkono: hatutaki kura ya maoni ya pili.

Wanaomtetea wana ushahidi mzito, na mzito kuliko wote ni wa uchaguzi mkuu wa Uingereza wa Juni 2017. Wabunge wa Conservative kutoka Scotland waliongezeka siku hiyo kutoka 1 hadi 13, wakati Waziri Mkuu wa Conservative, Theresa May, alikuwa akipoteza wingi wake bungeni na kubaki na viti 317. Ukiondoa vile 12 vilivyonyakuliwa kutoka SNP, May angebaki na 305, na hata wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini aliowategemea wasingemfikisha popote. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba mwanamke ambaye hakuwa hata mbunge wa Westminster ndiye aliyeiokoa serikali iliyokaa London.

Basi alipata nini kwa mtaji huo? Wakosoaji wake hushika hapa, na mimi naona wana hoja. Siku mbili kabla ya kura ya 2016 ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, alisimama jukwaani Wembley, London, akamkabili mwanachama mwenzake Boris Johnson na kuituhumu kambi ya kujitoa kwamba inasema uongo. Asilimia 62 ya Waskoti walipiga kura ya kubaki Ulaya. Hata hivyo, baada ya matokeo aliyakubali, akaunga mkono juhudi za May, na wale wabunge 13 hawakuwahi kuwa kambi yenye sauti yake. Agosti 29, 2019, siku moja baada ya Malkia kuridhia ombi la Johnson, aliyekuwa sasa waziri mkuu, la kuahirisha bunge, Davidson alijiuzulu. Barua yake ilitaja mgongano wa nafsi kuhusu Brexit na mtoto wake aliyekuwa hajatimiza mwaka. Sababu zote mbili naziamini. Aliyekwisha kusema hadharani kwamba hataki uwaziri mkuu kwa ajili ya afya yake ya akili hastahili kushukiwa anapotaja familia. Kilichomchafua kidogo ni kukubali, miezi michache baadaye, kazi ya pauni 50,000 katika kampuni ya mawasiliano akiwa bado mbunge, kazi aliyoiacha baada ya kelele kuzidi. Mwaka 2021 aliingia Bunge la Mamwinyi (House of Lords).

Swali la kama mafanikio yalikuwa yake au ya wakati lina jibu gumu kuliko pande zote mbili zinavyopenda. Desemba 2019, akiwa ameshaondoka, chama kilibaki na wabunge 6 wa Westminster. Hapo watetezi wake walisema: si tuliwaambia? Lakini katika uchaguzi wa Bunge la Scotland wa Mei 2021, chini ya Douglas Ross, ambaye hakuna aliyewahi kumwita nyota, kilipata tena viti 31 vilevile, kwa ujumbe uleule wa kuzuia kura ya maoni. Kisha Novemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge la Scotland haliwezi kuitisha kura hiyo bila idhini ya Westminster, na hofu iliyokuwa ikiwakusanya wapiga kura ikapoa. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2024 chama kiliambulia asilimia 12.7 ya kura za Scotland na wabunge 5 wa Westminster. Ni kweli kwamba mwaka huo Conservative walianguka Uingereza nzima, kwa hiyo mzigo wote haumwangukii yeye. Ila wale waliokuja kwa ajili ya kuzuia jambo moja hawakuachiwa sababu ya pili ya kubaki, na miaka minane ya uongozi wake ilitosha kuitafuta.