Kasisi maana yake mzee

Neno kasisi lilitufikia kupitia Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kisiria, lugha ya Wakristo wa kale wa Syria na Mesopotamia. Kwao lilimaanisha mzee. Shemasi limepita njia hiyohiyo, na maana yake ni mhudumu. Askofu asili yake ni Kigiriki, episkopos, yaani mwangalizi. Haya ni majina ya kazi, na yalikuwa ya kazi kabla hayajawa ya vyeo.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, mwaka wa tisa sasa. Nimekaa katika vikao ambamo mtu aliuliza swali la haki kabisa kuhusu fedha, akajibiwa kwamba mamlaka ya kiongozi yanatoka kwa Mungu na hayahojiwi. Vichwa vikainama, ajenda ikapita. Jambo hilo liliniuma, nikaanza kusoma ngazi hii ya uongozi ilijengwaje.

Paulo anapowaandikia Wafilipi anawasalimu watakatifu wote "pamoja na maaskofu na mashemasi". Maaskofu, kwa wingi, katika mji mmoja. Matendo sura ya 20 inaonyesha zaidi: anawaita wazee wa Efeso wamfuate Mileto, na katika hotuba ileile anawaita watu walewale waangalizi, neno lilelile la Kigiriki lililotupa askofu. Mzee na askofu alikuwa mtu mmoja. Jerome, mtafsiri mkubwa wa Biblia ya Kilatini, aliliona hili na kuliandika waziwazi, ingawa aliishi wakati ambapo maaskofu walikwisha kuwa wakuu wa miji.

Karibu mwaka 96 kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho waliokuwa wamewaondoa wazee wao. Barua hiyo, tunayoijua kwa jina la Clement, inawakemea vikali. Hata hivyo, inapotetea wazee wale inasema waliwekwa kwa ridhaa ya kanisa zima. Ridhaa ya watu inatajwa kama kitu cha kawaida, kisichohitaji kuelezwa.

Miaka kumi na kitu baadaye tunakutana na Ignatius, askofu wa Antiokia, akisindikizwa na askari kwenda Roma kuuawa. Njiani anaandika barua 7, na ndani yake tunaona ngazi tuliyoizoea: askofu mmoja, wazee wakimzunguka, mashemasi chini yao, na watu wasifanye lolote bila askofu. Sithubutu kumlaumu. Mafundisho yalikuwa yanagongana, mateso yalikuwa mlangoni, na vitabu vya Agano Jipya vilikuwa bado havijakusanywa pamoja. Kundi lilihitaji mtu mmoja wa kulishika lisitawanyike. Lakini huyo anayeandika hivyo yuko kwenye minyororo, anakwenda kutupiwa wanyama wakali. Anayeyanukuu maneno yake leo akumbuke yaliandikwa na nani na katika hali gani.

Kuna sababu nyingine ya ngazi hii kukua ambayo haisemwi sana mimbarani: mkate. Justin, mwandishi Mkristo, akiandika Roma karibu mwaka 150, anaeleza kwamba sadaka ya Jumapili ilikabidhiwa kwa aliyeongoza ibada, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Miaka 100 baadaye, mwaka 251, Cornelius askofu wa Roma anataja hesabu ya kanisa lake: wazee 46, mashemasi 7, mashemasi wasaidizi 7, wahudumu wengine wengi, hadi wasomaji na walinda mlango, na zaidi ya wajane na maskini 1,500 waliolishwa na kanisa. Watu 1,500 huwalishi bila daftari, na daftari lazima liwe na wa kulishika. Kwa maoni yangu, ngazi ilipanda kwa sababu ya midomo hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Cyprian, askofu wa Kartago, aliishi miaka hiyohiyo. Hakuna aliyeitetea heshima ya askofu kwa nguvu kumzidi, lakini aliwaandikia wazee wake kwamba tangu alipowekwa aliazimu kutofanya jambo kwa uamuzi wake peke yake, bila shauri lao na ridhaa ya watu. Mwaka 374 watu wa Milano walimpigia Ambrose kelele awe askofu wao, hata ubatizo alikuwa hajapata.

Kisha serikali ikaingia. Baada ya Kaisari Constantine kuliruhusu kanisa mwaka 313, maaskofu walipewa hata uwezo wa kuamua kesi, na mipaka ya kanisa ikaanza kufuata mipaka ya mikoa ya dola. Dayosisi, neno tunalolitaja kila Jumapili, lilikuwa la utawala wa Kirumi. Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ukaagiza askofu awekwe na maaskofu wenzake, wasiopungua 3. Sauti ya waumini haikuzimwa siku moja, ilififia polepole.

Sisemi maaskofu waondolewe. Wapresbiteri wa Kenya wanaongozwa na mabaraza ya wazee na moderata, yaani mwenyekiti wa mabaraza hayo. Wamoravian wa Tanzania wana askofu wa kulea roho na mwenyekiti wa kuendesha jimbo. Kila mmoja ana pa kuegemea katika karne zile za kwanza. Asiye na pa kuegemea ni yule anayesema kiongozi haulizwi, kwa sababu hata Cyprian aliuliza watu wake. Na Petro mwenyewe, akiwaandikia wazee, alijiita "mzee, mwenzi wao".

Mwezi ujao tuna mkutano mkuu wa usharika. Nimeandika barua kuomba ajenda moja iongezwe: mfuko wa diakonia, yaani wa kuwasaidia wahitaji, umepokea kiasi gani mwaka huu, na umewasaidia wajane wangapi. Cornelius idadi ya aliowalisha aliijua.