Fildi ya Julai, Korosho ya Oktoba

Kila Julai napata wageni. Wanashuka kwenye gari la mchana kutoka Mtwara mjini, begi mgongoni, bahasha ya kaki mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umesoma nini?"

"Uhasibu, mwaka wa pili."

Ndani ya bahasha kuna barua ya chuo. Inaniomba nimpokee kijana kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, ya wiki nane, nimpe ushirikiano, na mwishoni nimjazie fomu ya tathmini na kugonga muhuri. Mimi naandika vitabu vya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho huku juu, uwanda wa Makonde. Bahasha hizo nimezipokea miaka mingi, na kila Julai swali langu ni lile lile: huyu mtoto nimpe kazi gani?

Kwa asiyeijua Kusini, korosho haina haraka na kalenda ya mtu. Mwezi wa saba mkulima yuko shambani anapuliza salfa, ugonjwa wa ubwiriunga usimlie maua. Korosho zinaanza kudondoka kuelekea Oktoba, minada inafunguliwa, na purukushani inakwenda hadi Januari. Julai ofisini kwangu kuna daftari la mgao wa salfa, mafaili ya msimu uliokwisha na paka wa jirani. Mwanafunzi anapanga mafaili. Akimaliza, anayapangua na kuyapanga upya kwa mwaka badala ya kijiji. Anajua kuchemsha chai. Mwezi wa tisa anaaga, nami namjazia fomu alama nzuri, maana kosa si lake.

Wiki chache baadaye, yeye akiwa darasani anasikiliza mhadhara wa udhibiti wa mali ghalani, malori yanapanga foleni mlangoni kwangu.

Natamani angeona siku moja tu ya foleni hiyo. Mkulima analeta gunia, karani anapima, stakabadhi inaandikwa. Tukishakusanya mzigo wa kutosha, lori linaupeleka ghala kuu. Kule unapimwa tena, sampuli inachukuliwa, unyevu na ubora vinaangaliwa. Tuseme kijijini tumepima kilo 12,000, na ghala linasoma 11,940. Kilo sitini ziko wapi? Pengine korosho ilikuja mbichi na imekauka njiani. Pengine gunia limetoboka. Pengine mizani yetu inasema uongo, au karani wetu. Kitabuni jambo hilo ni mstari mmoja, upungufu. Huku ni wazee kumi wamekaa kwenye benchi, kila mmoja ana stakabadhi yake mkononi na anataka kulipwa kilo zilizoandikwa pale, na wana haki. Nani abebe zile sitini? Hilo ndilo somo la uhasibu wa Kusini, na halifundishiki mwezi wa saba.

Mzigo ukishauzwa mnadani yanakuja makato: ushuru wa halmashauri, ya chama, ya usafirishaji, ya magunia. Kisha malipo yaende benki, akaunti ya kila mkulima. Hapo ndipo utajua kwamba mtu aliyejiandikisha kwetu kwa jina la Hamisi, benki wanamtambua kwa jina la Hamis, na pesa yake imegonga ukuta ikarudi. Wa namna hiyo kwa malipo ya mara moja wanaweza kuwa arobaini. Wakati huo walanguzi wa kangomba, wanaonunua nje ya mnada, wanazunguka vijijini na bakuli na pesa taslimu, wakimnong'oneza yule yule Hamisi: mzee, chama chako kinakuchelewesha, nipe mimi.

Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007. Umepita misukosuko mingi, ukiwemo msimu wa 2018/2019, Serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaibeba kwa malori yao. Tulihakiki wakulima majina kwa majina, shamba kwa shamba. Mwaka ule ningekuwa na wanafunzi wanne wenye akili, wangeondoka na elimu ambayo mimi nimeipata kwa kupata presha. Walikuwa darasani.

Sitaki nionekane kwamba navichukia vyuo. Kijana anapofika kwangu anajua mizania, anajua usuluhishi wa hesabu za benki, na kompyuta ananipita mbali. Walimu wao wamefanya kazi. Kinachonikera ni kwamba chuo kinahesabu maandalizi ya ajira kuwa ni ile semina ya siku moja mwaka wa mwisho. Mwaka mmoja nilialikwa kwenye semina ya namna hiyo, nikae meza kuu kama "mwajiri". Mtoa mada akafundisha namna ya kuandika wasifu, namna ya kukaa kwenye kiti cha usaili, na kwamba tai isiwe na rangi za kuwaka. Ukumbi mzima ukaandika: tai. Sina ubaya na tai. Ila nilikaa pale nikiwaza kuwa hakuna aliyewauliza wale watoto mia na ushee wamewahi kuona nini kwa macho yao kwenye fildi zao mbili.

Na msimamizi wa chuo, yule anayekuja kumkagua mwanafunzi kazini? Huwa anakuja. Gari linabaki linaunguruma nje. Anauliza "anaendeleaje?", nasema "anaendelea vizuri," anasaini kitabu cha fildi, anaomba kupiga picha, anaondoka kuwahi wenzake Newala kabla jua halijazama. Dakika ishirini, siku akikubali soda. Simlaumu sana, ana wanafunzi wametapakaa kutoka Nanyumbu hadi Kilwa. Lakini hata siku moja hajaniuliza: mama, huyu nikuletee mwezi gani ili ajifunze?

Kuna kosa jingine tumelifanya huku, la kukimbilia kinachong'aa. Gesi ya Mnazi Bay ilipotikisa nchi, mwaka 2013 watu wakaandamana Mtwara kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, mawe yakarushwa, damu ikamwagika. Kila mzazi akataka mtoto asome mafuta na gesi. Vyuo navyo vikafungua kozi. Bomba likakamilika 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam, na ikaonekana kumbe mitambo ikishasimama haihitaji watu wengi kuilinda. Mradi mkubwa wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, umekaa kwenye mazungumzo miaka na miaka. Dereva wa bodaboda anayenishusha stendi ya Mkanaledi, Mtwara mjini, ana cheti cha mambo hayo. Anakitunza kwenye nailoni chini ya kiti cha pikipiki, anasema huwezi kujua.

Muda wote huo mkorosho ulikuwepo. Naliendele, nje kidogo ya mji, watafiti wanazalisha aina mpya za mikorosho na kusaka dawa za magonjwa yake. Bodi ya Korosho ina makao yake hapa hapa Mtwara. Bandari ipo. Sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam, maana yake hata kazi ambayo haijaanza tunaijua ilipo. Mwanafunzi wa Mtwara anapopanda basi kwenda kufanya fildi Dar es Salaam, kwenye ofisi ambako atatumwa kutoa fotokopi, naona kama mtu aliyeacha kisima uani akaenda kuomba maji mtaa wa pili.

Najua nitaambiwa kalenda ya vyuo haipangwi Mtwara. Ni kweli. Nitaambiwa Bodi ya Mikopo inatoa pesa ya fildi kwa ratiba, na mwanafunzi hawezi kula Oktoba pesa aliyopewa Julai. Hilo ndilo zito zaidi, na sina jibu lake. Lakini wiki nane si lazima ziwe za mfululizo. Ziwe tatu Julai, aje ajue mafaili, wakulima na vijiji. Zilizobaki azimalize likizo ya Desemba, moto ukiwa unawaka.

Nasema hivyo kwa sababu nimelijaribu, kwa mlango wa nyuma. Kuna binti mmoja alikuja Julai kama wenzake. Siku ya kuaga nikamwambia, "Likizo ya Krismasi njoo, sikulipi ila utakula kwangu." Alikuja. Siku ya tatu nilimkuta usiku kwenye sitoo yetu, kanga kichwani kwa ajili ya vumbi, anabishana na karani juu ya gunia lililorudiwa kupimwa. Zile pesa zilizogonga ukuta akazitengenezea jedwali kwenye Exeli: jina la chamani, jina la benki, namba ya simu, kijiji. Akawapigia mmoja mmoja. Kazi iliyokuwa ikinichukua mpaka Machi ilikwisha kabla shule hazijafunguliwa. Alipomaliza chuo aliitwa kwenye usaili, na aliniambia waliomhoji walimuuliza kitu kimoja tu cha maana, tatizo gani la hesabu amewahi kulitatua mwenyewe. Akawaeleza habari za Hamisi na Hamis. Tai hana.

Mwaka huu barua tatu zimeshafika, zote za Julai. Nimezijibu zote kwa maneno yale yale: njooni mje kusalimia sasa, lakini kazi iko Oktoba hadi Januari, ongeeni na chuo chenu. Wawili hawajajibu. Wa tatu amepiga simu jana jioni kuuliza kama kuna mahali pa kulala. Nimemwambia chumba kipo, aje na neti ya mbu.